Jinsi ya kuwa mwandishi na mtayarishaji wa tamthilia za kisayansi ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu anayetaka kutunga tamthilia ya televisheni ya bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi ya kubuni inayojengwa juu ya sayansi, akiwa Mbeya, Iringa au Njombe huanza kwa kuhesabu asivyo navyo: hana studio, hana mitambo ya kutengeneza picha za anga za juu, na vituo vikubwa vya televisheni viko Dar es Salaam. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haifai kuwa ya kwanza. Hata huko Marekani na Uingereza, ambako kazi hii imekomaa, walioijenga walikuwa watu waliojua kuandika kulingana na fedha iliyopo, na sehemu kubwa ya ustadi wao ilikuwa kuchagua jambo moja lisilo la kawaida na kulifuatilia hadi mwisho wake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya kazi hiyo kutoka huku juu, kuanzia wazo na mswada hadi kuisimamia tamthilia yenyewe.

Mwandishi ambaye pia ni mtayarishaji

Katika sinema, mwenye kauli ya mwisho kwa kawaida ni mwongozaji. Katika tamthilia ya televisheni, hasa ya Marekani, kauli hiyo ni ya mwandishi mkuu, ambaye ndiye pia mtayarishaji mkuu. Sababu yake ni ya kiutendaji: tamthilia huwa na sehemu nyingi zinazoongozwa na watu tofauti, na mtu pekee anayeijua hadithi nzima, pamoja na yale ambayo hayajaandikwa bado, ni yule aliyeitunga. Kwa hiyo huko mwandishi hupanda ngazi akiwa ndani ya chumba cha waandishi. Huanza akiwa mwandishi wa kawaida, huwa mhariri wa hadithi, kisha hupewa vyeo vya utayarishaji hatua kwa hatua mpaka akabidhiwe tamthilia yake.

Milango waliyoingilia haikuwa ya kifahari. Gene Roddenberry, ambaye tamthilia yake ya safari za anga za juu, Star Trek, ilianza kurushwa mwaka 1966, alikuwa rubani wa ndege za kivita, kisha askari polisi wa Los Angeles, na aliuza miswada ya hadithi za polisi kabla hajafikia vyombo vya angani. D. C. Fontana, mmoja wa waandishi muhimu wa tamthilia hiyo hiyo, alianza akiwa katibu muhtasi katika ofisi za utayarishaji na baadaye akawa mhariri wake wa hadithi.

Kwetu ngazi hiyo haijakamilika. Mara nyingi mtayarishaji ni yule mwenye kamera au mwenye fedha, na mwandishi hulipwa kwa kila sehemu kisha huondoka, asijue kama mwisho aliouandika ndio uliorekodiwa. Katika tamthilia ya mapenzi na urithi hasara hiyo huvumilika, kwa kuwa mwongozaji na waigizaji wanaifahamu dunia inayosimuliwa. Katika bunilizi ya kisayansi haivumiliki. Dunia yake ina kanuni zilizotungwa, na asiyezijua atazivunja katika sehemu ya tatu bila kukusudia, na mtazamaji makini atalibaini kosa hilo mara moja. Ndiyo sababu nashauri usisubiri kuwa mwandishi kamili ndipo ujifunze utayarishaji. Jifunze yote mawili pamoja, hata katika kazi ya dakika kumi.

Badiliko moja tu

Tamthilia nzuri ya kisayansi husimama juu ya badiliko moja katika dunia tunayoijua. Waandishi wachanga huweka matano: roboti, safari za wakati, ugonjwa wa ajabu, wageni kutoka sayari nyingine na vita ya nyuklia, vyote katika mswada wa kurasa thelathini. Weka moja. Dunia iliyobaki iache ilivyo, pamoja na mabasi yake, madeni yake na bei ya mchele wa Kyela, kwa sababu mtazamaji huamini lile lisilowezekana pale tu kila kilicholizunguka kinapokuwa kweli.

Mbegu za kweli zipo tele katika eneo letu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina hifadhi kubwa ya gesi ya heliamu, ambayo hospitali duniani huihitaji kwa ajili ya kupoza sumaku za mashine za uchunguzi. Wilayani Rungwe, gesi ya kaboni dioksaidi hutoka ardhini yenyewe na huvunwa kibiashara. Kipunji, tumbili wa misitu ya Rungwe na Kitulo, hakuwa amewahi kuonwa na wanasayansi hadi mwaka 2003, ingawa wenyeji walikwisha kuwasimulia watafiti habari zake. Kuhusu kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kufika tani 16, naomba ukiache kwanza. Ndicho kila mtu hukifikiria mwanzo, na jiwe lililoanguka kutoka angani humshawishi mwandishi kuwaonyesha waliolirusha, jambo ambalo bajeti yake haitaliweza.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni ili maelezo yasielee hewani. Chukulia kwamba kuna kituo cha mizani ya magari kwenye barabara kuu ya TANZAM, iendayo Zambia, mahali fulani kati ya Igawa na Makambako. Lori lililobeba shaba ya Zambia lilipimwa karibu na Tunduma na kuonekana lina tani 54. Linapofika hapa, lakiri zikiwa hazijaguswa, mizani inaonyesha tani 52, na wiki inayofuata lori jingine lenye mzigo kama huo linaonyesha 50. Hakuna kilichoibwa. Badiliko ni hilo tu: kuna mahali ambapo vitu vinapoteza uzito bila kupoteza kitu kingine chochote.

Tazama jinsi badiliko hili lilivyo rahisi kupigwa picha, kwa kuwa ajabu yote inaonekana katika tarakimu za kioo cha mizani. Kisha tazama linavyozaa. Karani wa zamu atatuhumiwa kula rushwa. Mwenye malori atagundua kwamba akipitia hapo anaweza kuzidisha kikomo cha tani 56, ambacho ndicho cha juu kabisa katika sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, na asitozwe faini; kwa hiyo atataka jambo hilo libaki siri. Mamlaka ya mapato itauliza shaba imekwenda wapi. Mkulima wa viazi wa kijiji cha jirani, ambaye kwa miaka mingi amedai wanunuzi waache lumbesa, yaani magunia yaliyojazwa kupita kiasi, na wapime kwa kilo, atashuhudia kilo zenyewe zikimsaliti. Ukiona wazo lako linawagusa watu wanne wenye maslahi yanayopingana kabla hujafungua kompyuta, lina uwezo wa kubeba msimu mzima. Likimgusa mwanasayansi peke yake, huenda ni filamu fupi.

Sayansi ipimwe kabla ya mswada

Hatua hii hurukwa mno, nami naiona kuwa ndiyo inayowatenganisha wanaoijua kazi na wanaoipenda tu. Mtafute mtu wa kulikosoa wazo: mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, mtafiti wa kilimo wa Uyole, au mwalimu wa fizikia wa sekondari iliyo karibu nawe. Usimuulize kama jambo hilo linawezekana, kwa sababu atajibu kwamba haliwezekani na mazungumzo yataishia hapo. Muulize, kama lingetokea, nini kingefuata.

Katika mfano wetu atakuambia, kwanza, kwamba uzito wa kitu hupungua kweli kadiri unavyopanda kutoka usawa wa bahari, lakini gari la tani 50 likitoka pwani hadi mwinuko wa mita 2,000 hupungukiwa uzito usiofika kilo 40. Hilo si pingamizi la kuogopa. Ni onyesho zima. Mpe mwalimu wa fizikia katika hadithi maneno hayo hayo, apige hesabu ubaoni mbele ya karani aliyesimamishwa kazi, na wote wawili waone kwamba maelezo pekee ya kawaida waliyokuwa nayo hayatoshi. Hesabu inayoshindwa mbele ya macho ya mtu anayeitegemea ina mvutano kuliko mlipuko, na gharama yake ni chaki.

Pili, atakuambia kwamba lori lililobaki na tungamo ile ile, yaani kiasi kile kile cha maada, lakini lenye uzito pungufu litaishika barabara kwa nguvu ndogo, kwa hiyo dereva akikanyaga breki litachelewa kusimama kuliko alivyozoea. Hapo umepata ajali ya sehemu ya nne bila kuitafuta, na imetoka ndani ya kanuni yako badala ya kubandikwa juu yake. Tatu, atakuuliza swali usilolitarajia: je, mzigo ukiondoka mahali pale hurudishiwa uzito wake? Lazima ujibu, uandike jibu, na usilibadilishe.

Majibu ya namna hiyo huandikwa katika waraka ambao waandishi wengi huuita kitabu cha tamthilia. Kurasa kumi hadi kumi na tano zinatosha: kanuni za badiliko, wahusika na wanachokitaka, orodha ya mahali patakapoonekana, na muhtasari wa kila sehemu kwa aya moja. Mwandishi wa Marekani J. Michael Straczynski aliipanga tamthilia yake ya anga za juu, Babylon 5, kama hadithi moja ya miaka mitano kabla haijaanza, na katika sehemu zake 110 aliandika 92 mwenyewe. Funzo kubwa kwa Straczynski, hata hivyo, lipo katika mlango wa kutokea: kila mhusika muhimu alitengewa njia ya kuondoka endapo mwigizaji asingeweza kuendelea. Baada ya msimu wa kwanza mwigizaji mkuu aliondoka kweli, na hadithi haikuvunjika. Huku kwetu, ambako mwigizaji mzuri anaweza kupata kazi Dar es Salaam katikati ya msimu, mwandikie kila mhusika mlango huo.

Mswada wenyewe

Kanuni ya kawaida ni kwamba ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa vizuri huwa takriban dakika moja ya picha. Kwa nafasi ya nusu saa yenye matangazo ya biashara, andika kurasa ishirini na mbili au ishirini na nne. Kila onyesho lianze kwa kutaja kama ni ndani au nje, mahali gani, na wakati gani, kwa sababu mistari hiyo ndiyo mtayarishaji, yaani wewe, atakayoitumia kupanga ratiba. Eleza kinachoonekana na kinachosikika tu. Mawazo ya mhusika hayapigwi picha.

Katika mazungumzo, jihadhari na wahusika wanaoelezana wanachokijua wote. Karani hamwelezi karani mwenzake mizani inavyofanya kazi. Mlete asiyejua, kwa mfano binti wa darasa la sita aliyemletea mama yake chakula cha zamu ya usiku, naye aulize. Lugha ya kila mhusika ifuate kazi na umri wake: utingo wa lori hazungumzi kama mhadhiri, na kijana wa Kibena akimwamkia bibi yake atasema «kamwene» kabla ya neno jingine lolote. Weka lugha za nyumbani pale ambapo mtu angezitumia kweli, kwa kiasi ambacho mtazamaji wa Tanga hatapotea.

Kabla ya kamera, ijaribu hadithi kama mchezo wa redio. Redio ni shule bora ya bunilizi ya kisayansi, kwa kuwa msikilizaji hujichorea mwenyewe kila kitu ambacho wewe huna fedha za kukijenga, na kwa sababu mazungumzo mabovu hayana pa kujificha. Baadaye fanya filamu fupi. Mkenya Wanuri Kahiu alipotoa Pumzi mwaka 2009, filamu ya kama dakika ishirini kuhusu dunia iliyokosa maji, alionyesha kwamba kazi fupi iliyofikiriwa vizuri inaweza kulitangaza jina la mtunzi nje ya mipaka ya nchi yake.

Kutayarisha bila kuiumiza hadithi

Kazi ya kwanza ya mtayarishaji ni kuuchambua mswada: kwa kila onyesho unaorodhesha mahali, waigizaji, maleba, vifaa na saa ya siku. Kisha unaupanga upya kwa kufuata mahali badala ya kufuata hadithi, ili maonyesho yote ya ofisi ya mizani, kuanzia sehemu ya kwanza hadi ya nane, yapigwe picha katika siku zinazofuatana. Ukishaona orodha hiyo utatambua ni maonyesho gani yanayokula fedha bila kuisogeza hadithi. Rudi kwenye meza ya uandishi uyabadilishe. Roddenberry na wenzake walitaka chombo chao kitue kwenye sayari mpya kila wiki, na gharama ikawashinda. Badala yake wakabuni mtambo wa kuwahamisha watu papo hapo kutoka chomboni hadi ardhini, na mtambo huo ukawa mojawapo ya mambo yanayokumbukwa zaidi katika tamthilia yao. Upungufu wa fedha hufaa pale anayekata gharama ni yule yule aliyetunga.

Kwa mizani yetu, usitegemee kupewa kituo halisi cha serikali. Kontena moja, dirisha la karani, kioo cha tarakimu na taa ya nje vinatosha kuwa ofisi, na vikiwekwa kwenye kiwanja mbali na barabara kuu utakuwa umeukwepa muungurumo wa malori, ambao ukiingia kwenye maikrofoni hautoki. Magari yenyewe yapige picha kando, siku moja, bila mazungumzo.

Hali ya hewa ya huku ina masharti yake. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei mvua hunyesha kwa nguvu, na sauti yake juu ya bati huharibu maonyesho ya ndani kama inavyoharibu ya nje. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni mikavu na inafaa zaidi, lakini asubuhi za Njombe na Makete zina baridi inayomaliza betri za kamera upesi kuliko kawaida; zitunze ndani ya koti hadi zitakapohitajika. Ukungu ni zawadi kwa bunilizi ya kisayansi, ila haukungoji: onyesho lililoanza katika ukungu na kumalizika juani halitaungana katika uhariri. Yaandike maonyesho ya ukungu yawe mafupi, na uyapige kwanza.

Vibali viombwe mapema. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kupiga picha. Kamera inayoruka inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenye taratibu na tozo zao. Pita pia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji; barua ya Dodoma haimtulizi mtu aliyeona taa za ajabu shambani kwake saa nane za usiku.

Haki, mkataba na mahali pa kuuza

Wazo halilindwi na sheria. Kinacholindwa ni namna ulivyoliandika. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki yako huanza pale kazi inapotungwa, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo, sajili mswada na kitabu cha tamthilia COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, kabla hujavionyesha kwa mtu, kwa kuwa cheti husaidia katika ushahidi. Kwenye mkataba, soma kwa makini vifungu vya nani anamiliki wahusika, nani anaruhusiwa kuandika msimu wa pili, na nini hutokea tamthilia ikiuzwa kwa kituo kingine au ikitafsiriwa. Usikubali malipo madogo kwa ahadi ya cheo cha mtayarishaji kisichoelezwa. Cheo kiandikwe pamoja na mamlaka yake, hasa juu ya mswada wa mwisho na uhariri wa mwisho.

Unapokwenda Azam TV, TBC au kwa wanaosimamia chaneli ya Maisha Magic Bongo, nenda na ukurasa mmoja wa maelezo, mswada wa sehemu ya kwanza, kitabu cha tamthilia, na dakika tatu au nne za picha zilizokamilika. Mnunuzi anahofia mambo mawili: kwamba watazamaji hawataelewa, na kwamba utaishiwa nguvu baada ya sehemu ya tano. La kwanza lijibu kwa kuieleza tamthilia kupitia watu wake. Sema ni habari za karani mwanamke anayetuhumiwa wizi ambao haukutokea, kabla hujataja uzito unaopotea. La pili lijibu kwa miswada sita iliyokwisha kuandikwa. Ukikataliwa, uliza wazo lipi ndilo lililokwama, kwa sababu kukataliwa si lazima kuwe mwisho: kituo cha NBC cha Marekani kilikataa sehemu ya kwanza ya majaribio ya Star Trek, kisha kikaagiza ya pili. Ukiamua kujirushia mwenyewe mtandaoni, pitia kwanza kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) za maudhui ya mtandaoni zilizopo wakati huo.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi hawatalitaja, nalo ni sababu mojawapo ya bunilizi ya kisayansi kuwavuta waandishi makini. Rod Serling, Mmarekani aliyetunga tamthilia ya The Twilight Zone, aligeukia hadithi za ajabu baada ya wadhamini kumkatia mara kwa mara miswada iliyogusa ubaguzi wa rangi waziwazi. Wahusika wa dunia nyingine waliruhusiwa kusema yale ambayo Wamarekani wa mtaani hawakuruhusiwa. Njia hiyo ipo wazi kwako pia, lakini itumie kwa uangalifu. Mizani inayodanganya inaweza kuzungumzia mengi kuhusu nani huaminiwa na nani hutuhumiwa, mradi ibaki kuwa mizani kwanza; mtazamaji akihisi kwamba kila kitu ni fumbo la siasa, ataacha kujali kama karani atarudishwa kazini.

Ukipata msimu wa kwanza, ajiri mwandishi wa pili kabla hujachoka, umkabidhi kitabu cha tamthilia, na umpe sehemu ya saba aiandike kwa jina lake. Akae nawe siku za kupiga picha na katika chumba cha uhariri, alipwe kwa siku hizo, na akiivunja kanuni mojawapo umwonyeshe ukurasa ilipoandikwa. Msimu wa pili mpe sehemu mbili pamoja na ratiba yake ya kusimamia.